Uhamishaji wa michoro ya CAD

Uhamishaji wa michoro ya CAD ni kazi ya kutoa mchoro uliotengenezwa katika programu ya usanifu kwa msaada wa kompyuta, kama vile AutoCAD au LibreCAD, na kuufungua katika programu ya michoro ya vekta, kama vile Adobe Illustrator au Inkscape. Hufanywa ili mchoro wa jengo, mashine au kiwanja utiwe rangi, uchapishwe kitabuni au upelekwe kwenye mashine ya kukata kwa leza.

Programu za aina zote mbili huhifadhi mistari kwa namba, si kwa vitone vya rangi kama picha ya kamera. Hata hivyo, CAD huchora kitu chenyewe kwa ukubwa wake halisi, ilhali programu ya vekta huchora ukurasa wa kuchapishwa. Ukuta wa mita 12 huwa na urefu wa milimita 12,000 ndani ya CAD, ingawa hakuna karatasi ya kuubeba. Matatizo mengi ya uhamishaji hutokana na tofauti hiyo.

Maumbizo ya faili

Umbizo linalotumika sana ni DXF, lililotolewa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982 pamoja na AutoCAD ili programu mbalimbali ziweze kubadilishana michoro. Mengine ni PDF na SVG. PDF hubeba ukurasa uliokwisha kupangwa, kwa hiyo hutunza vizuri mwonekano. DXF hutunza vizuri zaidi tabaka na vipimo halisi.

Makosa ya ukubwa

Faili ya DXF inaweza kuwa na namba bila kueleza kizio chake. Namba 100 husomwa na programu moja kuwa milimita 100 na nyingine kuwa inchi 100. Ili kujua chanzo cha kosa, hupimwa mstari mmoja wenye urefu unaojulikana, kisha urefu mkubwa hugawanywa kwa mdogo. Jibu huonyesha kilichochanganywa:

- 25.4: inchi na milimita.
- 10: sentimita na milimita.
- 1,000: mita na milimita.
- 2.83: milimita na pointi ya wapiga chapa, ambayo ni 1/72 ya inchi.
- 1.33: pikseli 96 na pikseli 72 kwa inchi, kosa la kawaida faili ya SVG ikitoka Inkscape kwenda Illustrator.
- 1.07: pikseli 96 na pikseli 90 kwa inchi. Inkscape iliacha kutumia 90 katika toleo 0.92 la mwaka 2017.

Mchoro usioonekana

Wakati mwingine faili hufunguka lakini ukurasa huonekana mtupu. Sababu moja ni rangi: rangi namba 7 ya AutoCAD huonekana nyeupe juu ya mandhari nyeusi, na ikihamishwa ikiwa nyeupe hupotea kwenye karatasi nyeupe. Sababu nyingine ni mahali. Ramani za upimaji zinazotumia mfumo wa UTM huwa na namba kubwa. Kwa Dar es Salaam, namba ya kaskazini huzidi mita 9,200,000. Mchoro huo huangukia mbali sana na ukurasa. Dawa yake ni kuusogeza karibu na sifuri ndani ya CAD kabla ya kuuhamisha.

Mistari, mikunjo na maandishi

Pembe nne za chumba zinaweza kuonekana zimefungwa kumbe ni mistari minne isiyounganishwa, hivyo rangi haijazi sawasawa. Mistari iliyorudufiwa haionekani kwenye skrini, lakini leza hupita mara mbili na kuunguza ubao.

CAD huhifadhi duara kwa kitovu na nusu kipenyo. Illustrator hulikadiria kwa mikunjo ya Bézier, iliyopewa jina la mhandisi Mfaransa Pierre Bézier. Duara la mikunjo minne hukosea kwa takriban 0.03% ya nusu kipenyo: halionekani kitabuni, ila kwa nusu kipenyo cha mita 10 hufikia karibu milimita 3.

Fonti isipokuwepo kwenye kompyuta ya pili, nyingine hushika nafasi yake na maandishi huweza kutoka nje ya mipaka yake. Kuyageuza kuwa mistari huzuia hilo, lakini baada ya hapo hayawezi kuhaririwa kama maandishi.

Ukaguzi

Njia rahisi ya kujilinda ni kuchora katika CAD mraba wa milimita 100 kando ya mchoro na kuuhamisha pamoja nao. Ukipungua au ukizidi, mchoro wote umepotoka kwa kiasi hicho hicho. Namba za vipimo zilizoandikwa mchoroni si ushahidi: zikishakuwa maandishi tu, zitaendelea kusomeka "12,000" hata mchoro ukiwa na skeli isiyo sahihi. Kwa sababu hiyo, mchoro wa kujengea au kukatia hupimwa upya baada ya kuhamishwa, na faili ya awali ya CAD hutunzwa bila kubadilishwa.