Mtufaha una majina mawili, mnunuzi hupewa moja

Neno tofaa lina visa vyake. Wazee wa Pwani wakilitaja humaanisha tunda laini lenye maji mengi na harufu ya waridi, litokalo katika mti mkubwa unaopandwa karibu na nyumba. Sisi wa bara, tuliojifunza Kiswahili shuleni, humaanisha lile tunda gumu linalopangwa kwa mafungu vibandani, aghalabu likiwa limesafirishwa kutoka Afrika Kusini. Miti hiyo miwili haina udugu wowote. Ili nisimchanganye msomaji, hili la pili nitaliita tufaha, na mti wake mtufaha.

Mkanganyiko huo haumdhuru mtu sokoni, kwa maana mnunuzi hulishika tunda mkononi na kulitazama kabla ya kutoa pesa zake. Mambo hugeuka pale anaponunua kitu ambacho hawezi kukiona kilivyo. Hapo jina ndilo macho yake, na akinyimwa jina amefumbwa macho. Hiyo ndiyo hali ya wakulima wengi wa nyanda zetu za juu, kuanzia Limuru hadi Nyandarua na Molo, wanaonunua miche ya matufaha kwa nia ya kufanya biashara.

Na aelewe msomaji kwamba mtufaha wa biashara ni miti miwili iliyounganishwa ikawa mmoja. Mbegu ya tufaha haitoi mti unaofanana na mama yake. Kwa hivyo mwenye kitalu hukata kikonyo cha mti anaoupenda na kukibebesha juu ya shina la mche mwingine wenye mizizi. Sehemu ya juu huamua rangi, utamu na jina la tunda. Shina la chini huamua urefu wa mti, mwaka utakaoanza kuzaa, ustahimilivu wake wa kiangazi na, zaidi ya yote, maradhi yapi yatauangamiza na yapi utayashinda. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Tunda jekundu lielealo kwenye tawi limeundwa na kitu kilichofichwa udongoni.

Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu wa kijijini kwetu alinijia na mafungu mawili ya miche. Yote mawili yalikuwa na kibandiko kilichoandikwa "Anna", ambalo ni jina la tufaha lililozalishwa Israeli na ambalo halihitaji baridi kali ili kuchanua. Fungu moja lilikuwa na nyongeza: MM.106. La pili halikuwa na nyongeza yoyote, na bei yake ilikuwa nusu. "Daktari," akaniambia, "wewe ni mtu wa lugha. Nisomee lugha hii." Nilimjibu, "Mwalimu, hilo ni jina la mti wa pili. Fungu lile jingine lina mti wa pili pia, ila aliyekuuzia hakukutajia." Akaniuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: "Sasa nitajuaje utakufa kwa nini?"

Swali hilo si geni duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye vitalu wa Ulaya waliuza mashina mafupi kwa majina kama Paradise na Doucin. Jina moja lilibeba mimea mingi tofauti, na mmea mmoja ulibeba majina mengi. Sisi wanaisimu tunalo tatizo kama hilo katika kamusi zetu, lakini kamusi mbovu haimfilisi mtu. Mkulima wa Uingereza alipanda safu nzima ya Paradise akidhani ni mti mmoja, kisha miti mingine ikawa mirefu kama minara na mingine ikabaki kimo cha kijana. Katika miaka ya 1910, katika kituo cha utafiti cha East Malling, jimboni Kent, Ronald Hatton alikusanya mashina hayo kutoka vitalu mbalimbali, akayatenga aina kwa aina, akayafuta majina ya zamani na kuyapa nambari. Hapo ndipo ilipozaliwa herufi M. Lakini nambari hizo hazina uhusiano na ukubwa wa mti: M.25 hutoa mti mkubwa, ilhali M.27 hutoa mti mdogo kuliko karibu yote. Asiyefundishwa maana ya nambari hawezi kuibahatisha.

Herufi za MM nazo zina historia yao. Yupo mdudu aitwaye kitaalamu Eriosoma lanigerum, kidukari ajifunikaye utando mweupe kama sufu. Hufyonza utomvu matawini na kusababisha vinundu. Balaa yake kubwa ni kwamba huteremka hadi mizizini, ambako dawa ya kunyunyizia haimfikii. Tufaha moja la Marekani liitwalo Northern Spy lilionekana kumshinda. Watafiti wa East Malling na wa kituo cha John Innes, kilichokuwa Merton, wakalichanganya na mashina mengine, na mwaka 1952 wakatoa mashina ya Malling-Merton. MM.106 na MM.111 ni watoto wa mradi huo.

Je, basi mwalimu wetu anunue MM.106 na kulala usingizi? La hasha. Shina hilo humpinga kidukari yule, lakini ni dhaifu mbele ya uozo wa shingo ya mti, unaoletwa na vijidudu vya jamii ya Phytophthora vinavyosambaa katika udongo uliojaa maji. Mti wenye shina hilo ukipandwa katika udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa masika, gome lake huoza karibu na ardhi, majani yakageuka rangi na mti ukafa. MM.111 huvumilia ukame na udongo mzito vizuri zaidi, ila huchelewa kuzaa. M.9 huzaa mapema na mti wake ni mfupi hata huweza kupandwa zaidi ya miti 2,000 katika hekta moja. Uozo wa shingo huustahimili vyema, lakini lazima uegemezwe kwa nguzo maisha yake yote, na kidukari yule huushambulia bila kizuizi. Kila shina lina adui lililomshinda na adui atakayelishinda.

Gharama ya kutozingatia jambo hili ilidhihirika Marekani mwaka 2000, kusini-magharibi mwa jimbo la Michigan. Huko kuna ugonjwa uletwao na bakteria aitwaye Erwinia amylovora. Maua na matawi hukauka na kuwa meusi kana kwamba yamepitiwa na ndimi za moto. Bakteria huyo huingia kupitia maua, hushuka ndani ya mti hadi kwenye shina la chini na kulifisha, hata pale ambapo sehemu ya juu haijaonyesha dalili kubwa. Wakulima wengi walikuwa wamepanda miti iliyobebeshwa juu ya M.9 na M.26, mashina yasiyo na kinga dhidi yake. Katika msimu huo mmoja zaidi ya miti 220,000 ilikufa, na hasara ikakadiriwa kuwa dola milioni 42. Hao walikuwa wakulima wenye elimu, mikopo na washauri.

Chuo Kikuu cha Cornell, katika kituo chake cha Geneva, jimboni New York, kilikuwa kimeanza tangu mwaka 1968 kuzalisha mashina yenye kuhimili ugonjwa huo pamoja na uozo wa shingo. Kutokana na kazi hiyo yamepatikana mashina yenye herufi G, kama vile G.41, ambalo humpinga pia kidukari wa sufu. Hata hivyo nalo lina kasoro: pale lilipounganishwa na kikonyo huweza kuvunjika kwa upepo au kwa mikono isiyo na uangalifu. G.16 nalo hudhoofika au hufa iwapo kikonyo kina virusi fulani ambavyo mashina mengine huvibeba bila shida. Hakuna shina lisilo na doa. Kuna shina lifaalo mahali na lisilofaa mahali.

Kwa sababu hiyo mkulima hana budi kuanza na shamba lake kabla ya kutazama miche. Achimbe shimo, alijaze maji na kuangalia yanachukua muda gani kunywea. Azungukie mashamba ya jirani kutafuta ule utando mweupe matawini. Ajiulize kama ana maji ya kunyweshea wakati wa kiangazi. Kisha amwendee mwenye kitalu na maswali matatu: shina hili linaitwaje, lilitoka wapi, na linahofia nini? Mwuzaji anayeshindwa kujibu swali la kwanza hastahili kulipwa.

Zipo sauti zitakazosema kwamba herufi na nambari ni mambo ya wazungu na matajiri, na kwamba mkulima mdogo hutaka tu mche wa bei nafuu. Siafiki. Mkulima wa ekari 300 akipoteza safu kumi ana safu nyingine za kumfuta machozi. Mwenye robo ekari amesubiri miaka mitatu au minne apate matunda ya kwanza. Miti yake ikioza shingo mwaka wa tano, amepoteza karo ya watoto na imani yake katika kilimo. Maskini ndiye anayehitaji jina kamili kuliko mtu yeyote.

Wapo pia wanaotaka kukata njia ya mkato kwa kuficha vikonyo na mashina mizigoni watokapo ng'ambo. Na waonywe. Ule ugonjwa wa moto ulithibitishwa Misri katika miaka ya 1960 na Moroko mwaka 2006. Mmea uliobebwa kimagendo ni gari zuri la kusafirishia bakteria. Idhini ya kuingiza mimea nchini hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kulinda afya ya mimea, na kulifuata ni kujilinda sisi wenyewe.

Ombi langu kwa wenye vitalu, na kwa serikali iliyo na mamlaka juu yao, ni dogo. Kibandiko cha kila mche wa mtufaha kiwe na majina mawili, la kikonyo na la shina, na chini yake sentensi mbili za Kiswahili sanifu: shina hili linahimili ugonjwa huu, shina hili lisipandwe katika udongo huu. Wino utakaotumika hautazidi thamani ya tufaha moja. Na sisi wasomi wa lugha tuwape wataalamu wa kilimo istilahi wanazozihitaji, ili elimu hiyo isibaki imefungiwa katika ripoti ambazo mkulima hatazisoma kamwe.

Mpaka siku hiyo ifike, mkulima mwenzangu, usilipie mche usio na jina la mizizi yake, hata upewe kwa nusu bei.