Kunguru Anafuata Taka Zetu

Ukitaka kujua ndege anaishi wapi, anza kwa kuuliza anakula nini. Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda, wa kunyonya maji matamu ya maua, ndiyo maana humpati pasipo na maua. Shomoro ana mdomo mfupi mnene wa kupasulia mbegu, naye hujibanza karibu na ghala, mashine ya kusaga na duka la nafaka. Chakula ndicho kinachowapangia ndege makazi.

Kunguru wa India, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu aliyejaa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ana mdomo wa kazi zote. Hula utumbo wa samaki, wali uliomwagwa, mahindi, maembe, mijusi, wadudu, mayai, makinda ya ndege wengine na vifaranga wa kuku. Mkate mkavu huuloweka majini kwanza, na akishiba hukificha kilichobaki. Mtu angetarajia ndege wa namna hii awe ametapakaa hata misituni na nyikani. Sivyo. Popote anapojulikana duniani, anaishi karibu na watu. Waswahili husema kunguru hafugiki, lakini huyu tunamfuga kila siku kwa mabaki yetu.

Kwao ni India, Pakistan, Sri Lanka na nchi jirani. Zanzibar aliletwa katika miaka ya 1890, Waingereza wakitumaini kwamba atausafisha mji uliozidiwa na taka. Kufikia mwaka 1917 alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa ndege waharibifu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye akaenea katika miji mingi ya pwani yetu. Bandari nyingine za Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu amezifikia kwa kupanda meli, akila mabaki ya jikoni njiani.

Taka hazikuisha, kwa sababu kunguru haziondoi taka. Huzigeuza kuwa kunguru wengine. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kwa kawaida, mnyama au ndege anayewinda hudhibitiwa na windo lake. Panya wakipungua, bundi nao hukosa chakula, makinda yao hufa, na panya hupata nafasi ya kuongezeka tena. Kunguru wa mjini hana breki hiyo. Hata akimaliza makinda yote ya mtaa mzima, jalala linamsubiri. Idadi yake haishuki, na msimu unaofuata anarudi kwenye viota vilevile akiwa na nguvu zilezile.

Mtazame mnana akijenga. Dume huchana majani membamba, huyafuma moja moja kwenye ncha ya kuti la mnazi, na mlango huuweka upande wa chini ili nyoka apate taabu kuingia. Ufundi huo umewalinda mnana dhidi ya maadui wengi. Kunguru haangaiki na mlango. Hutua juu ya kuti, hukirarua kiota kwa mdomo, kisha huchomoa kinda. Wanapokuja kwa kundi, mti uliojaa viota unaweza kubaki matambara. Na kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua na shingo nyeupe, amesukumwa nje ya miji mingi ya pwani.

Juhudi za kuwapunguza hazijakosekana. Zanzibar iliendesha kampeni katika miaka ya 1990 na idadi yao ikashuka, lakini kazi iliposimama wakaongezeka tena. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza lengo la kuangamiza kunguru milioni moja. Kisiwa cha Socotra, nchini Yemen, kiliwamaliza kabisa mwaka 2009, kwa kuwa kiliwawahi wakiwa bado wachache. Sisi hatukuwawahi. Mitego na sumu ya kitaalamu vina nafasi yake, mradi visimamiwe na wanaojua kazi hiyo, lakini penye chakula kingi wale wanaobaki hulea makinda mengi na kuziba pengo haraka.

Kwa hiyo dawa ya kudumu inaanzia jikoni na sokoni. Funika pipa la taka kwa mfuniko mzito ambao kunguru hawezi kuuinua. Utumbo wa samaki na mabaki ya nyama yafukie, usiyatupe mtaroni. Wenye machinjio, hoteli na vibanda vya chipsi wahakikishe taka zinazolewa kabla hazijalala nje. Usitege sumu nyumbani kwa mkono wako, maana utaua mwewe, paka na mbwa wa jirani. Halmashauri nazo zielewe kwamba gari la taka lisipopita kwa wiki nzima, ni kunguru waliolishwa kwa wiki nzima.

Tukiwanyima mabaki yetu, kunguru watapungua, na mnana, chozi na tetere watapata nafasi ya kulea makinda yao. Anza leo na pipa la nyumbani kwako.