Mapokeo juu ya amri: kweli na si kweli, kuanzia Fizi hadi Baraka

“Wakatoliki wamefuta amri ya sanamu.” Si kweli. Kutoka 20 imo yote katika Biblia yao. Wao na Walutheri humfuata Agostino katika hesabu: katazo la sanamu limo ndani ya amri ya 1, na la kutamani limegawanywa mara mbili. Katekisimu za kukariri ndizo zilizofupisha maneno.

“Konstantino ndiye aliyeleta ibada ya Jumapili.” Si kweli. Sheria yake ya mwaka 321 ilihusu mapumziko. Yustino Mfiadini alikuwa ameshaieleza ibada ya Jumapili karibu mwaka 155. Hata hivyo Waadventista wana hoja nzito: katika karne ya 4, sinodi ya Laodikia iliwakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato.

“Mapokeo ni ya Wakatoliki, sisi Wapentekoste tuna Biblia tu.” Si kweli, na hapa tukae kidogo. Namba ambazo jumuiya zetu hujitambulisha nazo, ya 5 CELPA, ya 8 CEPAC, ni utaratibu wa Kanisa la Kristo katika Kongo, wala si andiko. Hakuna ubaya, Paulo mwenyewe aliwahimiza Wathesalonike washike mapokeo waliyofundishwa. Ubaya ni ule wa Marko 7. Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa korbani, wakfu kwa Mungu, kisha wakawaacha wazazi wao bila msaada. Mtu anayemaliza ahadi yake yote ya ujenzi wa kanisa huku mama yake akilala njaa yumo katika sura hiyo. Na mchungaji anayeipokea ahadi hiyo, akijua hali ya mama huyo, yumo pia.

“‘Usiue’ ni amri ya 5 kwa wengine, ya 6 kwa wengine.” Kweli, na kwa marehemu namba haina maana. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa wamisionari Wakatoliki Vittorio Faccin na Luigi Carrara hapa Baraka, Giovanni Didonè na padri Albert Joubert kule Fizi. Walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tangu mwaka 1964 tumezika wengi mno, ziwani na milimani, Wabembe, Wabuyu, Banyamulenge, na baadhi ya wauaji walikuwa wamebatizwa. Kabila kwanza, Kristo baadaye: hayo ndiyo mapokeo ninayoyaogopa kuliko yote, na hakuna dhehebu hapa kwetu lisilokuwa nayo.