Mwana wa Opala Anapolemewa Kisangani

Anayetoka Opala kwenda kusoma Kisangani, mkoani Tshopo nchini Kongo (DRC), habadili hata mkoa, lakini ugenini anafika. Mto Lomami ameuacha nyuma, safari ya pikipiki imemchosha msituni, na akishavuka Mto Kongo kutoka Lubunga anaingia mji ambamo hakuna anayemjua kwa jina la baba yake. Atapanga chumba na wenzake wawili watatu. Nyumbani watamtumia mchele, samaki wa kukausha na dumu la mawese.

Dumu hilo lina uzito wake. Ili alipiwe minervali, yaani ada ya masomo, shamba limelimwa kwa ajili yake, na pengine mdogo wake wa kike amekatishwa shule. Basi usingizi unapopotea, kitabu kikakataa kuingia kichwani, chakula kikakosa ladha, anamwambia nani? Simu ikilia hujibu, "Niko muzuri, Mama." Akisema vingine, atakuwa amewatangazia kwamba jasho lao limemwagika bure.

Wapo wanaodai vijana hawa hawatafuti msaada. Mimi sikubaliani nao. Wanatafuta sana. Kwanza kwa mwenzao wa chumba, kisha kwa yaya (kaka au dada mkubwa) wa kanisani, kisha chumba cha maombi, mfungo na mikesha. Nafuu isipopatikana, ukoo huanza kuuliza ni nani kijijini aliyemwonea kijicho, na safari ya mganga inaanza. Daktari hufikiwa mwisho, hali ikiwa imeshaharibika. Maombi siyabezi hata kidogo: pale kijana hushikwa mkono na kuulizwa kama amekula. Ubaya huingia pale bibi mzaa mama anaposingiziwa uchawi, au mgonjwa anapofungwa kamba na kunyimwa chakula.

Aibu ya kukiri kwamba umelemewa haina kabila. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 45 wana dalili za sonona na asilimia 29 dalili za wasiwasi. Zaidi ya robo hawakujua kwamba chuo kina huduma ya ushauri. Hicho ni chuo tajiri. Mtoto aliyebeba matumaini ya ukoo mzima huona haya kusema amechoka, awe wa Beijing au wa Opala.

Kwa wana wa Opala, ambao wengi ni Wambole, kuna jeraha jingine. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia upande wa Lubunga, umeua watu wengi, umechoma nyumba na kuwakimbiza maelfu. Mmbole na Mlengola wanaweza kukaa benchi moja darasani, kila mmoja amefiwa, na kila mmoja amenyamaza.

Na wa kuwasikiliza wangeweza kupatikana hapo hapo. Enzi za Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), kuanzia 1971, saikolojia na elimu viliwekwa Kisangani; na Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS), kilichosimama peke yake tangu 1981, kinaendelea kuvifundisha. Wanafunzi wa miaka ya mwisho wa saikolojia, chini ya usimamizi wa walimu wao, wangepewa kazi ya kusikiliza. Wasifungiwe katika ofisi yenye kibao mlangoni, ambako kila anayeingia huonekana na kuitwa kichaa. Wakae parokiani, kwenye mabweni, na karibu na dirisha la kulipia minervali, mahali ambapo hofu nyingi huanzia.

Zimbabwe walianza jambo kama hili mwaka 2006. Daktari Dixon Chibanda alifundisha akina bibi wa mtaani kuketi na wenye huzuni kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa nao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Wachungaji nao wafundishwe jambo moja mapema: kijana akianza kusema afadhali afe, asiachwe peke yake usiku huo, aombewe, na mtu amsindikize hospitali siku ile ile.