Upelelezi, Ufuatiliaji na Saa: Lugha katika Mtandao wa Taarifa wa Majeshi Washirika Mashariki mwa Kongo

Makala haya yanafafanua jinsi ufuatiliaji wa pamoja baina ya majeshi washirika unavyotegemea lugha. Mfano unaotumika ni Brigedi Maalumu ndani ya MONUSCO, iliyoidhinishwa na Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Machi 2013, na kuundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Desemba mwaka huohuo, MONUSCO ilizindua mjini Goma ndege za uchunguzi zisizo na rubani wala silaha.

Mtandao huo una ngazi tatu: ndege, doria za ardhini na wananchi watoao taarifa. Picha ya angani huonyesha kundi la watu. Haibainishi kama ni wakimbizi au wapiganaji. Jibu hutoka kwa wananchi, ambao Kivu huzungumza Kiswahili, ilhali ripoti za kijeshi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa.

Tatizo la kwanza ni istilahi. Ufuatiliaji ni kutazama eneo mfululizo. Upelelezi wa kijeshi ni kwenda kutafuta jibu la swali mahususi. Ujasusi ni kutwaa siri kwa kificho. Hata hivyo, neno upelelezi hutumika pia kwa uchunguzi wa jinai. Mwanakijiji anayeombwa kusaidia upelelezi aweza kujiona anafanywa jasusi, akanyamaza kwa kuhofia uhai wake.

Tatizo la pili ni saa. Msemaji wa Kiswahili sanifu akisema saa mbili usiku, anamaanisha 20:00. Mkalimani asiye makini ataandika 02:00, na ndege itatafuta barabarani kundi lililopita saa sita kabla. Isitoshe, saa za Goma ziko nyuma ya zile za Dar es Salaam kwa saa moja.

SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Hadhi hiyo itakuwa na manufaa endapo wapangaji watakubaliana mapema juu ya faharasa ya pamoja, watahifadhi maneno ya mtoa taarifa kama alivyoyatamka, na kuandika kila saa kwa mfumo mmoja. Pasipo hayo, kijiji kilichotoa tahadhari mapema chaweza kufikiwa na msaada kikiwa kimekwisha kushambuliwa.