Mchezo mdogo na sifa za watu mashuhuri

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, watunzi wa michezo midogo ya simu na kompyuta huwaandikia watu mashuhuri katika mitandao ya kijamii wakiwasihi waisifu kazi yao. Aghalabu hawajibiwi, kwani mtu anayekisifu kitu huweka jina lake rehani.

Kisa cha Among Us kina funzo. Mchezo huo wa kumsaka msaliti miongoni mwa wenzako ulitolewa mwaka wa 2018 na Innersloth, kampuni ndogo ya Marekani, ukakaa takriban miaka miwili bila kuvuma. Ulienea duniani mwaka wa 2020, wachezaji wenye wafuasi wengi walipoucheza pamoja mbele ya watazamaji wao wa Twitch. Oktoba mwaka huo, mbunge wa Marekani Alexandria Ocasio-Cortez aliucheza akihimiza watu wapige kura. Zaidi ya watu 400,000 walimtazama kwa wakati mmoja.

Kilichowavuta ni burudani waliyoweza kuwapa mashabiki wao. Basi mwombaji asitume maneno matamu. Atume mchezo wenyewe, unaoeleweka upesi na kunoga ukichezwa na wengi. Na iwapo atalipa, malipo yatajwe wazi, kama kanuni za Marekani zinavyodai, mashabiki wasije wakajiona wamehadaiwa.