Ukiitwa Mwajuma, usijifiche!

Mpenzi msomaji, wiki hii naanza kwa kuungama. Miaka minne yote ya sekondari niliitwa Jamie. Sikubadili dini wala sikuolewa na Mzungu. Nilijipachika tu, siku ya kwanza bwenini, wenzangu walipoanza kutajana: Vanessa, Brenda, Linda. Zamu yangu ikafika. Kwenye cheti cha kuzaliwa imeandikwa Mwajuma. Likanikwama kooni.

Na nyie mnajua kwa nini. Mjini Mwajuma ni mzaha. Mtu akitaka kumchora msichana wa uswahilini, wa umbea na kelele za bombani, basi ni Mwajuma Ndala Ndefu. Nani anataka kuanza kidato cha kwanza na ndala ndefu?

Siri ilifichuka likizo moja. Rafiki yangu alikuja nyumbani Makorora, akapiga hodi, akamuulizia Jamie. Bibi yangu alikuwa barazani anachambua mchele. "Hapa hatuna mtu wa jina hilo, mwanangu. Jaribu nyumba ya pili." Ikabidi nitoke. "Bibi, ni mimi." Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akarudi kwenye ungo wake. Tangu siku ile akaacha kuniita somo.

Kwa wasiojua, somo ni mwenzio wa jina. Bibi naye ni Mwajuma.

Sasa hebu tulifungue hilo jina. Ni Mwanajuma lililofupishwa kwa ulimi: mtoto wa Ijumaa. Ijumaa yenyewe ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika, siku watu wanapokusanyika msikitini. Kwetu Waswahili siku hiyo ni kubwa kiasi kwamba wiki nzima tunaihesabu kutoka hapo. Jumamosi ni ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Mvulana wa siku hiyo ni Juma, msichana ni Mwajuma. Aliyezaliwa Alhamisi ni Mwanahamisi, kama yule Mwanahamisi Omary wa Twiga Stars, waliyembatiza Gaucho kwa chenga zake. Wa sikukuu ni Mwanaidi.

Lakini "mwana" si mtoto tu. Zamani pwani hii lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke, kama tunavyosema Bibi au Bi. Ndiyo maana kuna Mwanahawa na Mwanaasha, wakati hakuna siku inayoitwa Hawa wala Asha. Yule mshairi mkubwa wa Lamu aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858 ni Mwana Kupona, na huyo binti ni Mwana Hashima. Kwa hiyo dada, jina unalolionea haya limeanza na heshima ile ile waliyopewa mabibi wa watu.

Na tusidhani ni ushamba wetu peke yetu. Ghana, Waakani nao humpa mtoto jina la siku yake. Mvulana wa Ijumaa ni Kofi, msichana ni Afua au Efua. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1997 hadi 2006, kwa kwetu angekuwa Juma! Na hakujiita Jimmy.

Ukitaka kujua jina hili limeenea vipi, simama soko la Makorora uite "Mwajuma!" kwa sauti. Watageuka wauza samaki, wageuke wauza nazi. Ila tazama umri wao. Wengi ni mama zetu na bibi zetu. Vichanga siku hizi ni kina Brianna.

Hapo ndipo yalipotukuta. Juzi dada yangu kajifungua mtoto wa kike, Alhamisi saa moja na nusu usiku. Mama mtu akataka Brianna. Shangazi akasema hapana, kadi inaonyesha Alhamisi, ni Mwanahamisi huyo. Bibi akauliza swali moja: "Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa?" Ilikuwa imeshaadhiniwa. Kwa hesabu ya wazee jua likizama siku mpya imeingia, na usiku ule ni usiku wa Ijumaa.

Wote tukajua linakuja jina gani. Bibi akatikisa kichwa. "Msimpe. Atakuja kulificha."

Jamani, nimewahi kuchapwa, nimewahi kuachwa na mchumba. Hakuna lililonichoma kama maneno hayo matatu. Nikasema, "Bibi, apewe. Akilificha, nidai mimi." Dada akaninyooshea kidole: "Kama wewe utaanza kulitumia."

Ndiyo maana leo unaona jina jipya chini ya makala yangu. Mhariri aliniuliza kama nina uhakika. Ninao.

Siku ya saba mtoto akanyolewa, akaitwa Mwajuma. Mama yake anamwita Juju, hiyo ni ruhusa. Wageni walipoondoka Bibi akiwa chumbani akaita, "Somo!" Mtoto alikuwa amelala. Nikaitika mimi.

Haya, wewe unayesoma hapo na jina lako la kujipachika: nani alikupa lile la kwanza? Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.